Jani Lililokosa Siku Moja

Bibi yangu mzaa mama ndiye mwonja tumbaku ninayemwamini kuliko wote, na sisemi hivyo kwa kumsifu tu. Wauzaji wa sokoni Homa Bay humletea kidogo cha kujaribu kabla hawajanunua gunia zima, na wakikuta mlango wake umefungwa husubiri nje. Ana meno manne, kiko kimoja cha udongo chenye mdomo wa mwanzi, na hana haraka hata chembe. Ukimuuliza tumbaku ikoje kabla hajamaliza kiko kizima, atakutazama kama mtu aliyeulizwa utamu wa ugali ungali sufuriani.

Baba yangu hajawahi kuvuta hata pumzi moja. Ni Msabato, tena wa wale wasiotania. Lakini amelima tumbaku ya Virginia huku kwetu Migori tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo na mdomo mrefu nilimuuliza anawezaje kulima kitu ambacho kanisa linakikataza. Alinijibu bila kuinua uso, "Mimi nalima majani. Anayewasha ni mwingine." Kanisani walimwacha akae viti vya nyuma. Hawakumpa cheo chochote, hata cha kupitisha kapu la sadaka, naye hakuwahi kunung'unika.

Alichonung'unikia ni gredi. Kila msimu majani yetu yalipofika kwenye kituo cha ununuzi yalishushwa daraja, na nyumbani sote tulijua kwa nini: wakaguzi. "Wana watu wao," baba alituambia. "Wakiona jina langu tu mkono unawaenda chini." Mimi nilimeza maneno hayo mazimamazima. Nikiwa msichana wa miaka kumi na minane nilimsindikiza kituoni, nikasimama mbele ya mkaguzi mmoja na kumuuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani macho yake yana kazi gani. Yule bwana alimtazama baba, akangoja. Baba alikuwa akikagua kamba za marobota yake. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikidhani nimeshinda.

Mama alipofariki, kati ya baba na bibi palibaki tumbaku tu. Kwetu Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja, hawali wakitazamana, na wala hawatupiani maneno ovyo. Baba akifika kwa bibi husimama karibu na ua, kofia mkononi, anasalimu, anasalimiwa, basi. Kwa hiyo kila baada ya mavuno huchagua majani mazuri kuliko yote, huyafunga kwenye gazeti, na kunipa mimi niyapeleke. Kila mwaka nilirudi na jibu lilelile: "Mwambie mkwe wangu ni nzuri."

Mwaka huu, shule zilipofungwa Agosti, nilienda nyumbani kutoka Rongo ninakofundisha. Baba alinipokea na habari kwamba huu ni msimu wake wa mwisho. Magoti yamekataa, kuni zimekuwa adimu, na nusu ya majirani wamehamia maharagwe. Shambani yalikuwa yamebaki majani ya juu tu, ya kujaza bani mara moja. Bani ndilo banda letu la kukaushia: kuta za udongo, mabomba ya bati yanayopitisha joto sakafuni, na mdomo wa tanuri kwa nje.

Alinipa furushi la gazeti kama kawaida, kisha akalishikilia kidogo kabla ya kuliachia.

"Mara hii usimwambie ni yangu," alisema. "Sema umenunua hapo Rongo. Nataka neno la mtu ambaye hanionei haya."

"La nini sasa, baba, na unaacha?"

"Ndiyo maana. Nataka kujua kabla sijaacha."

Nilifurahi, nakiri. Niliona hatimaye bibi atatoa hukumu isiyo na upendeleo, na wakaguzi wote wa tangu utoto wangu wataumbuka. Jumapili baba alijaza bani na kuwasha moto. Jumatatu nikashika njia ya Homa Bay.

Bibi alifungua furushi mapajani, mlangoni pake palipo na mwanga. Alianza kwa vidole. Alilikunja jani, akaliachia, akaona linavyojikunjua. Akalinusa upande wa juu, kisha upande wa chini, ambako anasema jani halijui kudanganya. Aling'oa uti wa katikati, akauweka kando. Akanyunyiza maji kwa mdomo, akaviringisha majani kama mtu anayetayarisha sukuma wiki, na kuyakata membamba juu ya ubao. Kisha akayaanika juani, na tukakaa kunywa chai mpaka yakawa si makavu wala si mabichi.

"Umenunua wapi?" aliuliza.

"Rongo, dana," nilijibu, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo.

Alijaza kiko kwa vidole viwili, chini akilegeza, juu akikaza kidogo. Kabla ya kuwasha alivuta hewa tupu kupitia tumbaku, akafumba macho. "Tamu," alisema. "Rangi yake nzuri. Mkulima wake ana shamba zuri na mkono msafi." Nilitaka kumpigia baba simu papo hapo.

Akawasha. Bibi hamezi moshi. Huuzungusha mdomoni na kuutoa puani polepole. Pumzi za kwanza alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kiko kilipofika katikati aliacha kutikisa. Kilipokaribia chini alikitoa mdomoni, akapitisha ulimi kwenye fizi, akanipa mimi.

"Onja. Usimeze."

Mimi si mvutaji, ila siwezi kumkatalia bibi. Mwanzoni nilipata utamu mwepesi, kama harufu ya nyasi zilizokatwa jana. Halafu ulimi ukaanza kuwashwa pembeni, jinsi unavyowashwa ukila nanasi ambalo halijaiva.

"Inauma," nilisema.

"Inauma," alikubali. "Na si kosa la shamba. Jani hili lilifukuzwa. Likiingia banini linataka moto mdogo, likae, ligeuke njano lenyewe, ndipo utamu unapojitengeneza. Huyu aliongeza moto kabla jani halijamaliza kazi yake. Akalikausha na ubichi wake ndani. Siku moja tu. Angelipatia siku moja zaidi, lisingeuma." Aligonga kiko kwenye jiwe, jivu likamwagika. "Na si mara moja. Kila mwaka hivihivi. Huyu mtu kila wiki kuna mahali anawahi."

Nilijua anapowahi. Baba huchuma Jumapili na kuwasha Jumapili. Bani likienda vizuri linataka siku sita, pengine saba, bila moto kukatika. Lakini Ijumaa jua likizama, kwetu hakuna anayegusa kuni. Wasabato wengine wanaolima tumbaku humwachia moto jirani Mkatoliki mpaka Jumamosi jioni. Baba alikataa. Amri ya Sabato, alisema, inamtaja hata mgeni aliye nyumbani mwako. Hivyo kazi ya siku sita aliisukuma kwa moto iishe kwa siku tano. Nililiona hilo maisha yangu yote na sikuwahi kuliunganisha na gredi.

"Dana," nilisema, "umesema kila mwaka."

Aliniangalia kwa huruma, jambo linaloniudhi sana. "Nyakwara, mjukuu wangu, huu mkono nimeuvuta tangu wewe hujaolewa. Ulidhani sitaujua kwa sababu umesema Rongo?"

Aliingia ndani akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na tumbaku nyeusi, ile kali inayouzwa imesokotwa kama kamba, na kipande cha sukari nguru. Alinionyesha. Viganja viwili vya majani ya baba, kimoja cha nyeusi, maji ya sukari nguru yakinyunyizwa juu, kisha vyote vinabanwa chini ya jiwe la kusagia kwa siku mbili. Ndivyo alivyovuta miaka yote. Ile nyeusi ilikuwa inameza makali ya Virginia, na sukari nguru inaziba pengo. Wajukuu tulipomtembelea alilificha kopo, neno lisije likamfikia mkwe wake kwamba zawadi yake haitoshi peke yake.

Nilimwambia, kwa sauti ambayo mjukuu hatakiwi kuitumia, kwamba kama angesema ukweli mara moja tu, baba asingeishi akiwalaumu watu bure. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Baba yako," alisema, "alimtunza binti yangu akawa na furaha mpaka siku ya mwisho. Nimwambie tumbaku yake inauma?" Halafu akaongeza, "Lakini wewe si mkwe wake. Wewe ni mtoto wake. Fanya unavyoona."

Nilikaa kwake mpaka tumbaku iliyo chini ya jiwe ikawa tayari. Alikata, akajaza, akanipa pumzi moja. Ilikuwa nzito, tamu ya taratibu, na ulimi haukulalamika. Ningekuwa mvutaji ningeinunua. Nilijisikia vibaya zaidi.

Nilifika nyumbani Ijumaa mchana. Baba alikuwa mbele ya tanuri, shati jeupe la ibada ya jioni likiwa tayari limening'inizwa kwenye mwembe, mbali na moshi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno laini, lakini nilipomwona yote yalitoweka.

"Amesema inauma," nilimwambia. "Amesema imekosa siku moja."

Baba aliweka gogo alilolishika chini. Nilingoja akatae, amkosoe bibi, awarudie wakaguzi.

"Ni kweli," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka wa pili. Mkaguzi mmoja aliniita pembeni, kijana mpole tu. Akaniambia, mzee, leaf yako ni nzuri ila unaiharakisha, ongeza siku moja." Alicheka kidogo bila furaha. "Ningemwambia nini? Siku yenyewe si yangu."

Niliketi juu ya rundo la kuni. Nilimuuliza basi kwa nini alitudanganya. Kwa nini aliniacha nimtukane mtu mbele ya umati kwa kosa lisilo lake.

"Mlikuwa watoto," alisema. "Nguo za shule zilikuwa hazipatikani, na mlitaka kujua kwa nini. Ningesema ni Sabato, mngeichukia Sabato. Nikaona heri mchukie wakaguzi. Hao hamuishi nao." Kisha akasema, taratibu zaidi, "Zao lenyewe lilikuwa na mashaka, nyathina, mwanangu. Nililijua hilo nikiwa kiti cha nyuma. Sikutaka na siku nayo iwe na mashaka."

"Sasa ulitaka bibi akuambie nini, kama ulijua yote?"

"Gredi naijua. Sikujua kama nimekuwa nikimpelekea mama mkwe kitu cha kumuumiza mdomo." Aliutazama mdomo wa tanuri. "Mimi siwezi kuonja. Nilikuwa nachagua kwa macho na pua, nikiomba tu. Ameniambia ni nzuri miaka yote hiyo. Ameivuta kweli, au ametupa?"

Nilimweleza habari za kopo, tumbaku nyeusi, sukari nguru na jiwe. Nilimwambia anaivuta kila siku ya Mungu. Baba alifunika uso kwa viganja vyenye masizi, mabega yakatikisika. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mama. Alipoondoa mikono uso wote ulikuwa na madoa meusi, na alikuwa akitabasamu.

"Na hakusema," alisema. "Mama huyo."

Tulichungulia ndani ya bani kupitia kidirisha. Haya yalikuwa majani mazuri kuliko yote niliyowahi kuona kwetu, manene, yaliyoanza kugeuka rangi ya chungwa. Lakini utini bado palikuwa na ubichi, na njano haikuwa imefika mwisho. Hata mimi niliona. Yalitaka siku moja.

Mimi sijaingia kanisani kwa hiari tangu niolewe, na baba anajua. "Nenda kaoge," nilimwambia. "Mimi nitakaa na moto mpaka kesho jioni. Ni bani la mwisho, baba. Wacha uone mara moja jani lako linavyoweza kuwa."

Aliliangalia bani kwa muda mrefu. Nadhani alilitamani. Sitasema hakulitamani.

"Wewe," aliniuliza, "unaichukia?"

Hakuhitaji kutaja ni nini. Nilijichunguza vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu nilijua hili ndilo swali aliloligharimia maisha yote. Nilikumbuka Ijumaa za utotoni, maji ya moto, chakula kilichopikwa mapema, baba akiwa nyumbani mchana kutwa bila kushika jembe, akituimbia mpaka tunasinzia. Hapakuwa na siku nyingine tuliyompata mzima.

"Hapana," nilisema. "Sikuwahi kuichukia."

Aliitikia kwa kichwa. Alichukua reki, akaanza kuvuta makaa kutoka tanurini na kuyatawanya mchangani. Jua lilikuwa bado juu ya mlima kidogo tu, na makaa yalikuwa mengi kwa mzee mwenye magoti mabaya. Nikachukua jembe, nikasimama upande wake wa pili, nikamsaidia kuzima moto.