Redio Kwanza, Tanga Baadaye

Nakumbuka asubuhi ile mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, mwanangu, nami nimesimama majini hapa Kilosa, matiti yamejaa hadi yanauma. Nilikuwa nimekwenda Mikumi kuuza vitunguu pale barabara kuu, nikamwacha binti yangu wa kwanza, hajaacha kunyonya, kwa mama yangu kule ng'ambo. Niliporudi, mashamba yote yalikuwa ziwa.

Mjomba Sefu, aliyewahi kuwa fundi wa redio za upepo, zile za kuitana na kujibizana, kwenye mashamba ya miwa ya Kidodi, alikuwa amepata mtumbwi. Mashine haukuwa nayo. Tulishona tanga kwa turubai la kuanikia mahindi, mlingoti ukawa mwanzi. Nilidhani tutaondoka hapo hapo. Yeye akaanza kuifunga mtumbwini redio yake ya upepo.

"Shikamoo mjomba. Twende!"

"Marahaba. Shika huu waya."

Nikashika. Akaweka betri ya gari juu ya kreti la soda isiguswe na maji, akaanza kuupandisha waya wa antena kileleni mwa mwanzi. Mimi nikavuta kamba ya tanga. Akanichapa mkononi.

"Tanga likitangulia, waya utapita wapi? Puani mwako?"

"Mjomba, mwanangu anakufa, wewe unacheza na nyaya!"

"Nyumba ya mama yako naijua. Mwenyewe yumo?"

Nilimchukia, nakwambia kweli. Akaita zahanati ya ng'ambo, ambayo nayo ilikuwa na redio. Kimya. Akakaza waya, akaita tena, akaachia kitufe, akasubiri. Kule kusubiri ndiko kulikotaka kuniua.

Kisha sauti ya nesi ikakwaruza: nyumba za bondeni zimeanguka, watu wote wamehamia kwenye tuta la reli.

"Haya," mjomba akasema, "vuta kamba yako sasa."

Tukashika njia ya relini, upande ambao nisingeelekea kamwe. Nilimkuta mama amemfunga mtoto kifuani kwa kanga. Nikampokea, akanyonya hadi akasinzia.

Mwanangu, sikukatazi haraka. Hata mimi bado ninayo. Lakini ukisikia watu wako wamepatwa na jambo, kabla hujakimbia, uliza wako wapi, kisha nyamaza ujibiwe. Dakika hiyo itakuchoma. Ivumilie. Mungu akujalie kuwafikia unaowapenda wangali wanapumua.