Manukato ya Mchoma Mahindi

Mchoma mahindi wa hapa Nyololo hununua kwangu manukato ya usiku, yale makali ya udi na waridi.

"Dada, haya ni ya kuendea harusini."

"Wewe uza, maneno mengi ya nini?"

Hujipaka shingoni kabla malori ya mbao hayajaanza kupita. Baridi huilaza harufu, lakini kila akiinamia jiko, joto huiamsha, ikashinda hata moshi. Zamani dereva wa lori la bluu alikuwa akishuka, hindi moja analila saa nzima. Jana lilipita bila kupunguza mwendo. Akabaki na hindi mkononi, shingo kaielekeza barabarani. Kisha akaniuliza, "Huna makali zaidi ya haya?"

Ninayo, na mimi huwa simrudishi mteja. Nikamwambia yameisha.