Mgeni wa Bwawa la Tatu

Saa moja kasoro asubuhi ya Jumamosi, mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira anatembea kwenye ukingo wa bwawa la majitaka, reki ndefu begani. Nyuma yake wananyata watu kumi na mmoja wenye darubini. Wengine wameziba pua.

"Mkipiga soga ataruka," anawaambia bila kugeuka. "Na hizo pua ziachieni. Mtazoea."

Mhudumu huyu, ambaye wenzake humwita Bibi Koki, amefungua na kufunga maji machafu ya mji mzima kwa miaka kumi na tisa. Kwenye basi hukaa kiti cha watu wawili peke yake. "Najitanua kama bosi," anasema, akicheka.

Ndege hawana habari na harufu. Bibi Koki anawajua wote wanaoshinda pale, na Jumatatu alipomwona kidege chembamba chenye wekundu shingoni, kikizunguka majini kama pia, alijua ni mgeni. Alimpigia simu mwalimu wa baiolojia aliyemfundisha bintiye.

"Alidhani nimeona bata," anakumbuka. "Nikamwambia, mwalimu, bata nawajua. Njoo."

Mwalimu alikuja, akachungulia, akakaa chini kwenye nyasi. Ndege wa namna ile huzaliana kaskazini ya mbali, kwenye nchi za barafu, kisha huishi baharini. Bara huonekana kwa nadra tu.

Tatizo ni kwamba bwawa la tatu lilipangiwa kukaushwa Jumatano, litolewe tope.

"Niandike kazi imesimama kwa ajili ya ndege?" msimamizi alimuuliza Bibi Koki alipoomba lisiguswe.

"Andika tumeanza na la nne," akajibu. La nne ndilo lenye tope zito kuliko yote. Kwa siku tatu alilichota na wenzake, mgongo ukimuuma, asinung'unike.

Leo wageni walioalikwa na mwalimu wamefika, na ndege haonekani. Saa nzima inapita. Mmoja anaanza kufunga mkoba wake.

Bibi Koki anainua uso. "Upepo umegeuka. Wadudu wamesukumwa kule kwenye matete. Twendeni."

Yuko pale, anazunguka.

Wa mwisho kupewa darubini ni mume wa Bibi Koki, fundi cherehani, aliyekuja na shati lililonyooshwa. Hajawahi kukanyaga hapa tangu mkewe aajiriwe.

"Huyo ni jike," mwalimu anamnong'oneza. "Kwao jike ndiye mwenye rangi kali. Dume hulalia mayai."

"Basi mimi nimeoa wa kwao," fundi anasema, macho hayatoki kwenye darubini. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama Watoto, kumbe miaka yote unashinda mahali pazuri hivi, na hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa umeziba pua."

Mwakani Bibi Koki anastaafu, lakini hana mpango wa kukaa nyumbani. Amemwomba msimamizi ruhusa ya kuwatembeza wageni, naye hajakataa.

"Getini pameandikwa 'Hatari, Usiingie'," anasema. "Nataka chini yake waongeze: 'Ukija kuona ndege, mwulizie Bibi Koki.'"