Mbuzi wa Darasa la Cherehani

Mjukuu wangu anafundisha uashi katika chuo kimoja cha ufundi kule Embu, na kila mwaka wanafunzi wapya wakianza kuandikishwa huja kwangu uso umemshuka. Benchi nusu tupu. Watoto wote wanataka digrii, hata kama ni digrii ya kukaa nayo nyumbani. Analaumu karo, analaumu serikali, analaumu simu. Mimi humwacha amalize chai yake, kisha humwuliza: hao wazazi, umewauliza wanaogopa nini? Hunitazama kama ameulizwa swali na kuku. Anadhani nafanya mzaha. Wallahi sifanyi. Mimi nimeona darasa zima likikosa wanafunzi kwa sababu ya mbuzi.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, Mwingereza alipotangaza hali ya hatari kwa ajili ya wapiganaji wa msituni. Nilikuwa msichana wa Majengo, Meru mjini, binti wa mchinjaji. Babu mzaa baba alikuja na misafara ya kutoka pwani, akaoa Mmeru, akasahau njia ya kurudi. Basi ndivyo tulivyokuwa: Kiswahili nyumbani, Kimeru sokoni, na swala tano kwa siku. Baba ndiye aliyekuwa akiuchinjia mji. Waislamu walinunua kwake, Wakristo walinunua kwake, na askari wa bomani vilevile. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kujivunia kisu chake na usafi wa kanzu yake. Ukimya wake sikuurithi. Mama alisema nilizaliwa nikibishana na mkunga.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kukalia cherehani. Siku hizo mafundi wa nguo walikaa kwenye baraza za maduka, na wote walikuwa wanaume. Nilikuwa nikisimama pale nikitazama kitambaa kilivyokatwa vipande visivyo na maana, kisha vipande vile vikawa koti la mtu. Siku moja nilimwomba fundi anifundishe. Akaniambia cherehani si ya msichana, nitajidunga sindano kisha babangu amjie na kisu. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi, na jioni ile sikula.

Kwa hiyo niliposikia kwamba upande wa Kaaga, kwenye mashule ya misheni, kutafunguliwa darasa la ushonaji la wasichana, nilikuwa wa kwanza kupanda kwenda kuchungulia. Cherehani zilikuwa zimefika, nyeusi, zinang'aa, bado zina mafuta ya kiwandani. Msichana angefundishwa kupima, kukata na kushona, na mwisho angepewa cheti. Lakini kwa ajili ya kafyu, ile amri ya kutotembea usiku, hakuna ambaye angeweza kwenda na kurudi. Wote wangelala huko na kula huko. Hapo kwenye kula ndipo mambo yalipoharibika.

Darasa lilikuwa limekusudiwa mabinti wa wakulima, na wengi walikuwa wamekwisha kuahidiwa nafasi. Mama zao walipokuwa wakingojewa kuwaleta kesho yake, mpishi wa shule akaona awakaribishe kwa nyama. Alikuwa mtu mwema, ameokoka, hana neno na mtu. Lakini siku hiyo alikuwa na kazi nyingi, hivyo akamchinja mbuzi jua likizama, nyuma ya jiko, peke yake. Jamani! Mwaka mwingine wowote watu wangekula na kulamba vidole. Lakini wakati ule mbuzi aliyechinjwa mafichoni gizani alikuwa na maana moja tu, yaani kiapo cha wale wa msituni. Watu walikuwa wakilishwa kiapo kwa nyama ya mbuzi, na aliyekula akijulikana na serikali alikwisha. Na aliyekataa, waapishaji walikuwa na lao la kumfanyia.

Homugadi, wale askari wa kijijini wa serikali, walikuja, wakamhoji mpishi mpaka machozi yakamtoka, wakaona hana hatia, wakamwachilia. Ikabaki midomo ya watu, na midomo haina kizuizi. Akina mama wakawachukua binti zao, wakarudi nao vijijini, ndani ya mahandaki yaliyochimbwa na serikali kuwazunguka ili wasiwalishe wa msituni. Mmoja alisema ni afadhali awe na mtoto asiye na ufundi kuliko kuwa na mtoto atakayeulizwa na homugadi alikula nyama gani. Simlaumu. Hata leo simlaumu.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mwanamke wa Kimeru, kijana bado, mwenye sweta la bluu na maneno yaliyonyooka. Wakubwa wake walimwambia kwamba benchi zisipojaa kabla ya mwezi kwisha, cherehani zitapelekwa Embu. Akaamua kuja Majengo kutafuta wasichana kwetu, sisi Waislamu ambao kiapo hakikutuhusu. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mahali alikaribishwa, akapewa chai ya tangawizi, na kila mahali akaulizwa jambo lilelile: huko nyama anachinja nani? Naye hakujua kudanganya. Akajibu kuwa ni mpishi, na mpishi ni Mkristo. Basi chai ikaisha, na mazungumzo nayo yakaisha.

Mwisho alifika kwa baba, akaketi kwenye benchi nje ya bucha, akamweleza yote bila kuficha, habari ya jiko, ya homugadi na ya chai zote alizokunywa bure. Mimi nilikuwa uani naosha matumbo. Niliyasikia yote, na niliziona cherehani zangu zikipakiwa kwenye lori la Embu. Nikatoka vilevile, mikono inachuruzika maji, nikasema mbele ya mgeni: si baba aende akachinje yeye?

Baba hakunitazama. Akaendelea kukata nyama. Mwalimu alipoondoka ndipo aliponiuliza tangu lini matumbo yakaanza kutoa fatwa. Alisema hatapeleka kisu chake kwa watu ambao wangeweza kuja kununua kwake kama wengine. Na kuhusu mimi kwenda kulala huko, nisithubutu kulitaja tena. Nilijua lililomchoma. Tangu mwalimu aanze kuzunguka mtaani, wazee wa baraza la msikiti walikuwa wakimtania, eti karibu ataitwa mchinjaji wa misheni, na kinachofuata ni binti yake kuimba kwaya.

Nilinuna. Nilijua kununa, mimi. Niliosha vyombo kwa kelele, nikafagia ua mpaka vumbi likaingia kwenye unga wa jirani. Hayo yote hayakumtikisa baba hata kidogo. Aliyemtikisa ni mama, asubuhi moja akisukuma chapati, na wala hakupandisha sauti.

"Unawachinjia askari," alimwambia. "Unawachinjia walevi wa kilabuni. Hawa watoto wa watu wamekukosea nini?"

Baba alikula chapati yake yote kabla ya kujibu. Kisha akasema atachinja Jumamosi, na kila Jumamosi baada ya hiyo, mchana, katikati ya uwanja, lango wazi, na anayetaka kutazama aje atazame, Mwislamu, Mkristo na homugadi. Nikaruka kwa furaha. Akaninyooshea kidole. Ningekwenda kumsaidia kazi, kisha ningerudi naye nyumbani, na hilo lilikuwa neno la mwisho. Kuchinja alikubali, lakini mimi kubaki, la. Furaha yangu ikaingia nyongo. Niliona ni ukatili mtupu, mtu akufungulie mlango ili wapite wengine.

Jumamosi tukapanda. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimsimamisha baba kwa sababu ya kisu, na wakati ule watu walifungwa kwa vitu vidogo kuliko kile kisu. Lakini yule askari alikuwa akila nyama ya bucha yetu kila wiki. Alipoambiwa kisu kinakwenda wapi, alicheka, akamwita homugadi mmoja atusindikize, na ndivyo tulivyofika, baba mbele na kanzu yake, homugadi na bunduki, na mimi nyuma na beseni kichwani, nimenuna kama mbuzi mwenyewe.

Uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama wa vijijini walikuwa wameombewa na mwalimu pasi za kutoka kwa siku moja, wamesimama upande wa jikoni na binti zao wamewashika mikono. Wanawake wa Majengo walisimama upande wa lango na leso zao. Hapakuwa na mtu wa upande huu aliyevuka kwenda ule. Mwalimu alikuwa katikati, anajaribu kutabasamu, na midomo yake imekauka.

Baba alimwita mpishi aje amshikie mbuzi miguu. Mpishi akasita. Alikuwa amehojiwa vya kutosha juu ya mbuzi, maskini, na zaidi ya hayo alikuwa ameokoka, na aliogopa kushiriki dua isiyo yake. Niliona darasa likifa pale pale, kabla hata damu haijamwagika.

Baba akamwambia taratibu, kwa Kimeru, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Ndugu yangu, wewe omba kwako, na mimi niombe kwangu. Wewe nishikie miguu tu."

Mpishi akafumba macho, midomo ikamchezacheza, kisha akaja akashika.

Baba akamlaza mbuzi na kumwelekeza kibla. Kwetu Meru kibla iko kaskazini, kwa hiyo ukielekea huko ule mlima mkubwa wa theluji unauacha nyuma. Kwetu sisi hilo lilikuwa jambo la kila siku, hatukulifikiria hata kidogo. Lakini akina mama wa vijijini walikuwa wakitazama jambo hilohilo tu. Tangu zamani wazee wa pale, Wameru kwa Waembu, huomba wakiuelekea mlima, na waapishaji nao walielekea huko huko. Mbuzi wa kiapo hangeweza kuchinjwa ameupa mlima kisogo. Bibi mmoja mkongwe, mwenye shuka begani, alisogea mbele, akamtazama mbuzi, akautazama mlima, akamtazama baba.

"Ameupa mgongo," akasema. "Huyu si mbuzi wa kiapo."

Nilisikia pumzi zikishuka upande ule wote wa jikoni. Baba akasema bismillahi yake, Allahu akbar yake, na kisu kikafanya kazi. Hakikuwa na kelele wala papara. Homugadi mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba ndiye aliyefundisha.

Nyama ilipikwa palepale uwanjani na ndizi mbichi na viazi, sufuria moja kubwa, mpishi akikoroga na wanawake wa pande zote wakimfundisha kukoroga. Ilipoiva kila mtu alingoja mwingine aanze. Yule bibi akanyoosha bakuli lake kwanza. Kisha mwanamke mmoja wa Majengo, jirani yetu, yule ambaye nilimwingizia vumbi katika unga, akasema njaa haina dini, akanyoosha lake. Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Na baada ya kula, akina mama wakaanza kumwendea mwalimu mmoja mmoja na binti zao, wa vijijini na wa Majengo, mpaka benchi zikajaa na wengine wakaambiwa wangoje mwaka ujao. Mwalimu alikuwa akiandika huku anajifuta macho na mkono wa sweta.

Nami nikawa naosha visu. Sitasema uongo kwamba niliwafurahia. Niliwaonea wivu hadi kifua kikauma. Wasichana ambao wiki iliyopita hawakutaka hata kuiona cherehani walikuwa wanachagua pa kukaa, na mimi niliyeiota usiku na mchana nilikuwa na kichwa cha mbuzi cha kupeleka nyumbani. Maana baba alikataa malipo, na mwalimu akamlazimisha achukue walau kichwa, miguu na ngozi. Nikavipanga kwenye beseni, nikafunika, nikakunja kata yangu ya nguo, nikaliinua beseni kichwani. Nikaenda kusimama nyuma ya baba kama inavyopasa, nikiwa nimeuma midomo ili nisilie mbele ya watu.

Baba alikuwa akiagana na mpishi. Wakapeana mikono. Alipogeuka akaniona.

"Wewe unakwenda wapi?"

Nikamwambia nakwenda nyumbani, si ndivyo alivyosema.

Akanyoosha mikono yake mirefu, akalishusha lile beseni kutoka kichwani mwangu, akalitia begani kwake, juu ya kanzu nyeupe. Damu ikapenya kwenye kitambaa papo hapo. Kabla ya siku ile sikuwa nimemwona baba amebeba kitu njiani. Mizigo ilibebwa na sisi.

"Nimechinja mwenyewe, nimeona kinachopikwa," akasema. "Nyumbani utafuata nini? Ingia."

Akaondoka. Alipita langoni, akateremka barabara ya kwenda mjini na kichwa cha mbuzi begani, akielekea kwenye baraza la wale wazee waliomtania, nao wangemwona na kucheka wapendavyo. Hakugeuka nyuma. Mwalimu akaniita mara mbili kabla sijasikia, na nilipoingia cherehani ya mwisho, ile ya karibu na dirisha, ilikuwa bado haina mtu.