Kuku wa Wifi

Watu hunisifu kwa mapishi yangu, nami huwaacha wanisifu. Lakini yuko mtu mmoja niliyempikia miezi miwili kwa nia ya kumtesa, na kazi hiyo niliifanya kwa makini kuliko pilau yoyote niliyowahi kuipika Kisauni hii.

Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, msichana wa miaka kumi na minane hivi, mwenye ulimi. Mimi nilikuwa na miaka minne kwenye ndoa na sijazaa. Siku moja kisimani, mbele ya wanawake wa mtaa, niliomba nipishwe nichote maji. Wifi akasema, "Mpisheni, jamani, watoto wanamlilia nyumbani." Walicheka mpaka wengine wakamwaga maji. Na mimi nilicheka, ningefanyaje? Lakini nilirudi nyumbani nimemchukia, na chuki ile niliilea vizuri, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kulea.

Haikupita miezi mitatu, akateleza kwenye mawe ya kisima kile kile na mtungi kichwani, muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Akaletwa kwangu amebebwa juu ya kitanda cha kamba. Wazazi wao walikwisha kufariki, hakuwa na nyumba nyingine ya kupelekwa. Hospitali mume wangu hakutaka kuisikia. Mtaani kwetu iliaminika kwamba mwenye kuvunjika akienda huko hurudi na mguu mmoja. Basi akaitwa mzee mmoja wa upande wa Bombolulu, fundi wa kuunga mifupa.

Mzee aliuvuta mguu mpaka wifi akazirai, akaupaka uto, akaufunga kwa mabanzi ya mwanzi. Kisha akaomba kuku. Nikamletea tembe, bado hajaanza kutaga. Akaushika mguu wa kulia wa kuku huyo, akauvunja kama kijiti cha kuwashia moto, naye akamfunga mabanzi madogo. Ndivyo walivyofanya mafundi wa zamani: mgonjwa na kuku wavunjike pamoja, wapone pamoja, wakae chumba kimoja. Siku kuku atakapokimbia, ndiyo siku ya mgonjwa kusimama.

Alipoaga mlangoni alinipa masharti. "Mwanangu, mfupa hauungwi na mabanzi peke yake, unaungwa na chakula. Mpe mayai, mpe maziwa, mpe dagaa awatafune na miiba yao. Supu ya mifupa, ukiipata. Bamia tu ndiyo asile, ina utelezi. Na kuku ale anachokula yeye."

"Inshallah, mzee," nikamwitikia. Mume wangu alikuwa kazini Changamwe, kwenye reli. Masharti niliyasikia peke yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Wifi alipofumbua macho nikamwambia, "Mzee amekataza mayai. Amekataza maziwa, samaki na nyama. Anasema mfupa utaoza." Niliyasema kwa uso wa huruma. Yeye hakubisha. Kila mtu anajua waganga wana miiko yao.

Zilikuwa siku za vita. Mchele ulikuwa adimu, tukila mahindi ya manjano yenye harufu ya gunia. Hata hivyo mume wangu alihangaika. Alileta dagaa, alileta maziwa ndani ya chupa, na mara moja moja mayai mawili yaliyofungwa kwenye leso. "Ya dada haya," akisema, nami nikiyapokea kwa mikono miwili. Yeye alikula barazani na wanaume wenzake, hakuingia kuona sahani ya dada yake.

Sahani hiyo ilikuwa na sima na mchicha uliochemshwa kwa chumvi. Asubuhi, muhogo na chai kavu. Maziwa niliyanywa mimi. Mayai niliyakaanga nikala nimesimama jikoni, na maganda nikamsagia kuku. Dagaa tuligawana, mimi na kuku. Nilikuwa naona raha, wallahi, sina haja ya kujipamba sasa.

Kuku akanona. Akaanza kutaga, kila baada ya siku moja yai, ndani ya kikapu chini ya kitanda cha wifi. Mimi nikija kuinama pale kuliokota, bado lina joto, naye akinitazama kutoka juu. Nywele zilikuwa zikimtoka, midomo imempasuka, mashavu yameingia ndani. Asubuhi moja aliniambia, "La leo kubwa."

Alikuwa ameposwa na kijana wa Likoni. Mama yake huyo kijana alikuja kumtazama akasema watasubiri atembee, na asipotembea, basi, haikuwa riziki. Kwa hiyo kila kulipokucha wifi aliuliza kuku ameamkaje.

Mwezi wa pili ulipokwisha, kuku alikuwa akikimbizana na wenziwe uani. Mzee akaja. Mume wangu alikuwepo, na yule mama wa Likoni alikaa mkekani na buibui lake. Mabanzi yakafunguliwa, wifi akainuliwa. Alisimama, akatabasamu, akauweka uzito wake kwenye mguu. Mguu ukapinda pale pale palipovunjika, akaanguka akilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu.

Mzee akaupapasa mfupa. "Kuku ameshika, huyu hajashika," akasema. "Amekula nini? Mimi niliagiza mayai, maziwa na dagaa."

Mume wangu akanigeukia. Nilijua kinachofuata ni talaka.

"Alinipa, kaka," wifi akasema kutoka sakafuni, jasho likimtiririka. "Kila siku alinipa. Mimi ndiye niliyekataa. Vilinitia kichefuchefu."

Basi mume wangu akamfokea yeye. Alimwambia ni mjinga, hana shukrani, watu wanalala njaa naye anachagua chakula. Alimwambia hayo dada yake akiwa bado chini, mguu umepinda. Mama wa Likoni akasimama, akaaga kwa adabu, na hakurudi tena. Mimi nilitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyevumilia mengi.

Mzee alipokwisha kumfunga upya na watu kuondoka, nilibaki na wifi chumbani. Nikamwuliza kwa nini amesema vile.

"Siku ile ya kwanza nilikuwa nimekwisha zinduka," akasema. "Nilimsikia mzee mlangoni, neno kwa neno."

"Na miezi yote hii hukumwambia kaka yako?"

"Angekuacha siku hiyo hiyo, urudi kwenu. Kaka hata jiko hajui kuliwasha." Akageuza uso ukutani. "Mimi ningepikiwa na nani?"

Niliinama chini ya kitanda, nikaokota yai la siku ile, nikaenda kumkaangia. Alilila lote, hakuniambia ahsante. Mguu ulikuja kushika baadaye sana, umekuwa mfupi kuliko mwenziwe. Hakuolewa. Mume wangu alikwisha kufa, sisi wawili tumebaki nyumba ile ile, na mpaka leo mimi ndiye ninayempikia.