Nyota Kichwani kwa Bi Kimya

"Mimi nimeshika kroshia kabla sijashika mume," alitangaza Husikii saluni kwake, siku ya Jumanne, mbele ya mteja aliyesukwa nusu kichwa, mbele ya mwingine aliyekuwa chini ya kikaushio, na mbele ya wifi yake mwenye mkono kwenye plasta. "Nyota ya uzi ndiyo initoe jasho? Lete uzi, wifi. Kufikia Ijumaa utakuwa na nyota mpaka zile za juu zione haya kutoka."

Husikii si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kazini, kwa kuwaambia wateja wote, wenye vichwa vigumu na wenye vichwa laini, "Tulia mama, husikii kitu," huku nyusi za mteja zikivutwa kwenda kuishi jirani na masikio. Alianza kusuka akiwa msichana, kwenye ngazi za nyumba waliyopanga, na vichwa vya kwanza vilikuwa vya wadogo zake, ambao mpaka leo wakimwona na kitana wanasogea kando. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi kuliko wa msusi yeyote mtaani. Hilo lilisemwa hata na wasiompenda. Ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Hilo lilisemwa hata na waliompenda. Siku mume wake, fundi friji, alipompeleka kwao mara ya kwanza, dada mtu alimsikiliza tangu chai inamiminwa mpaka vyombo vinaoshwa, kisha akamvuta kaka yake jikoni na kumuuliza, "Huyu anazimwa wapi?"

Tangu hapo mawifi hao wawili walisalimiana vizuri, walitembeleana mtu akiugua, basi.

Wifi alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi inayomfundisha mtu kutazama wenzake wakiteseka bila kubadilisha sura. Jioni alifuma. Kroshia yake ilikuwa sindano fupi yenye ndoano kichwani, ndugu ya ile ambayo wasusi huitumia kupitisha nywele bandia kwenye mistari ya nywele, na kwa sindano hiyo alitoa nyota, mioyo na maua madogo ya kutundika kwenye vyumba vya watoto. Kwa miaka alikuwa anazigawa bure. Sasa, kwa mara ya kwanza, duka la vitu vya watoto lilikuwa limemwagiza mistari kadhaa ya nyota, zimefuatana kwenye uzi mmoja kama shanga, za kupamba dirisha lao na za kuuza. Mwenye duka alisema wazi: zikija Jumamosi, na zikiwa safi, atakuwa anachukua kwake kila mwezi. Zisipokuja, kuna mtu mwingine anasubiri nafasi. Basi wifi naye akateleza kwenye ngazi za kliniki zilizotoka kupigwa deki, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Alikuja saluni kwa sababu mkono mmoja hauwezi kufunga nywele. Simu ikalia akiwa kwenye kiti. Alikuwa mwenye duka. Wifi akaanza kumweleza, polepole kama kawaida yake, akitafuta maneno ya kuomba muda. Husikii hakuweza kuvumilia kasi ile. Akaichukua simu kutoka sikioni kwa mwenzake, akasema, "Zinakuja Jumamosi asubuhi, usiwe na wasiwasi, kazi iko kwa mafundi," akakata. Ndipo akatoa lile tangazo la kroshia na mume.

Mteja wa kwenye kikaushio alicheka. Wifi hakucheka.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimekuokoa."

"Haya," alisema wifi, na jioni ile ile akaleta mfuko wa nyuzi, njano, nyeupe na buluu, na nyota moja ya mfano, ndogo ya kutosha kukaa kwenye kiganja.

Husikii aliigeuza. Akaigeuza tena. Alitafuta ilipoanzia, hakupaona. Kila kitu alichowahi kusuka maishani kilianzia kwenye kichwa. Nywele ina shina. Unaishika shinani, unavuta, mwenye kichwa akikunja uso unajua umefika. Nyota hii ilikuwa imeanzia hewani.

Kesho yake, saluni ikiwa haina watu, alitafuta video kwenye simu. Ikaja mikono miwili isiyo na mwenyewe, na sauti tamu ikisema: tengeneza pete ya uzi, ingiza kroshia, vuta, funga, rudia. Husikii akatengeneza pete. Akaingiza, akavuta. Pete ikatoweka, akabaki na uzi mnyoofu kama ulivyotoka dukani. Akairudisha video nyuma. Mikono ile ikafanya vile vile, bila huruma. Akatengeneza pete nyingine, safari hii akaikaza kama anavyokaza nywele za mteja anayetaka zikae mpaka zimchoke, ikawa fundo gumu kama jiwe la figo, kroshia haikuona pa kupita.

"Pete bila kidole," alinung'unika. "Amevishwa nani?"

Jioni aliweka matunda ya kazi ya siku nzima mezani, nyumbani. Mume wake alikuwa amefungua kompresa ya friji juu ya gazeti. Alikiinua kitu kile kwa ncha ya bisibisi.

"Hili ni sikio?"

"Nyota."

"Imepatwa na nini?"

"Mume wangu, shughulika na kompresa yako."

Aliendelea kuitazama, kwa makini ya mtu aliyezoea kutafuta gesi inapovujia. "Si ungemwambia tu dada kwamba huwezi?"

"Nani kasema siwezi? Naweza. Sijajua tu ni nini ninachoweza."

Alhamisi asubuhi alikaa mbele ya Bi Kimya. Huyo ni kichwa cha plastiki cha kutengenezea mawigi, kimevikwa kofia ya neti, macho yametoka kidogo, na ndiye mteja pekee katika historia ya saluni ile ambaye hajawahi kulalamika. Husikii alimtazama, Bi Kimya akamtazama. Kisha akachukua uzi wa njano, akaingiza kroshia kwenye tundu la neti pale utosini, akavuta kitanzi.

Kikakaa.

Akavuta cha pili kupitia cha kwanza. Nacho kikakaa. Mkono wa kulia ukaamka kama umeitwa jina. Nyota ya mfano aliibana kwenye fremu ya kioo, akawa anaifuata mguu kwa mguu, na kabla mteja wa kwanza hajaingia palikuwa na nyota ya njano juu ya utosi wa Bi Kimya, miguu mitano, imetulia kama imezaliwa pale. Husikii akaanza kuimba. Akaweka nyeupe juu ya sikio, akaweka ya buluu kisogoni. Anasuka mteja, anarudi anaweka nyota, anachukua hela, anaweka nyota. Kufikia jioni Bi Kimya alikuwa anga zima.

"Muoneni," aliwaambia wateja. "Kroshia ni kroshia. Watu mnatishwa bure."

Wifi alipita akitoka kazini, wateja wakiwa wameshaondoka. Alisimama mlangoni, akamtazama Bi Kimya kwa muda. Akasogea, akagusa nyota moja kwa mkono ulio mzima.

"Nzuri," alisema, na Husikii akahisi ameongezeka urefu. "Sasa zinatokaje?"

"Zinatoka kwenda wapi?"

"Kichwani. Zinatokaje hapo kichwani?"

Husikii alikuwa hajafika huko. Nywele za wigi hazitoki kwenye neti yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwamba zisitoke. Alichukua mkasi kwa kujiamini kulikopungua njiani, akakata vitanzi vilivyong'ang'ania neti chini ya nyota ya njano. Nyota ikaachia. Akaishika mguu mmoja ili aiinue. Mguu ukarefuka, ukawa uzi, wa pili ukaufuata, na mbele ya macho ya wote watatu, ukimhesabu Bi Kimya, nyota ikamalizika.

"Ilikuwa hapa," alisema Husikii.

Wifi alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakupandisha sauti. Alizungumza na kioo.

"Nilikuwa namwomba mwenye duka aniongeze wiki mbili. Alikuwa ameshaanza kusema sawa ulipochukua simu."

Husikii alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Kufokewa anakujua, kuna majibu yake, na yote anayo. Alimgeuza Bi Kimya akatazama ukutani, kisha akamrudisha, bila kujua kwa nini amefanya yote mawili.

"Mpigie sasa," alisema mwishowe. "Mwambie ni mimi nimeharibu."

"Ataniona mtu wa namna gani? Nimesema kazi iko kwa mafundi."

"Mimi ndiye niliyesema."

"Kwa simu yangu."

Wifi alimchukua Bi Kimya akamweka mapajani, akaichunguza ile nyota ya sikioni, shono kwa shono, kama anavyochunguza kadi za wagonjwa. Akakunja uso. Akachunguza ya kisogoni.

"Mkono wako wa kulia hauna kosa," alisema. "Wa kushoto ndio siuelewi. Huwa unafanya nini?"

"Unashika kichwa."

"Na kama hakuna kichwa?"

"Hilo ndilo najiuliza mimi tangu jana."

Wifi aliokota uzi, akauzungusha kwenye vidole vya mkono wake wa kushoto, akaubana mwanzo wa pete kwa kidole gumba na cha kati, akauinua mkono mbele ya kifua.

"Simama nyuma yangu kama unanisuka. Pitisha mkono wako hapa begani. Ingia hapa."

Husikii akasimama mahali alipokuwa amesimama maisha yake yote, nyuma ya kiti, kichwa cha mtu chini ya kidevu chake. Akapitisha mkono juu ya bega la kulia la wifi, juu ya ule mkono wenye plasta, akaingia.

"Vuta. Taratibu, hizi si nywele."

Pete haikutoweka. Ilikuwa imeshikwa.

"Sasa naingia wapi?"

"Hapo hapo."

"Nimeshaingia hapo."

"Ingia tena."

"Mtu anaingia mlango mmoja mara ngapi?"

"Ingia, mke wa kaka."

Aliingia. Alivuta. Alipokosa alijaribu kutazama kwenye kioo, kama alivyozoea, na mkono ukaenda kinyume. "Usitazame kioo, kinakugeuzia," wifi alisema, na Husikii akabaki hajui atazame wapi, maana bila kioo hakuwahi kufanya kazi. Hakuelewa chochote. Aliambiwa rudi, akarudi. Aliambiwa ruka, akaruka. Mara kitu kikawa na kona, mara kona zikawa tano, wifi akalegeza vidole na nyota ikadondoka kwenye mapaja yake, nzima nzima, haijashikwa na mtu.

Husikii aliivuta miguu yote. Haikumalizika.

"Imetokaje?"

"Shika kroshia, tuendelee."

Katikati ya nyota ya tatu au ya nne, mdomo ukamponyoka kwa mazoea: "Tulia mama, husikii kitu."

"Nasikia kila kitu. Unanipumulia sikioni tangu saa ile."

Bega la wifi likatikisika, kitanzi kikachomoka, wakaanza mguu ule upya. Husikii alichukua muda kugundua kwamba wifi alikuwa anacheka. Hakuwahi kumwona akicheka kutokea nyuma. Wala kutokea mbele.

Ijumaa saluni haikufunguliwa kwa wateja, na wifi aliomba ruhusa kliniki. Walikaa vile vile, mmoja kitini, mmoja mgongoni kwake. Jioni, ikiwa imebaki nyota moja, vidole vya wifi vikakakamaa, vikakataa kufunga pete.

"Malizia mwenyewe," alisema, akilaza kichwa kwenye egemeo la kiti.

Husikii alikwenda pembeni na Bi Kimya, ambaye safari hii alitumika kama shahidi tu. Alihangaika. Alirudi na kitu cha njano kiganjani.

Wifi alikitazama. "Ina miguu mingapi?"

"Inategemea unaanza kuhesabia wapi."

Hapakuwa na muda wa nyingine. Wifi aliitunga mwishoni kabisa mwa mstari wa mwisho.

Jumamosi asubuhi mwenye duka alizitandaza nyota kwenye kaunta na kuvuta miguu, mmoja baada ya mwingine, Husikii akiwa amebana pumzi. Alipofika kwenye ile ya mwisho alisita, akainua macho. Wifi akampa sura yake ya kliniki ya meno. Mwenye duka akakunja mstari, akauweka na mingine.

"Mwezi ujao mniletee tena."

"Tutaleta," alisema wifi.

Siku chache baadaye Husikii alipita mbele ya duka lile, akiwa na mfuko wa nywele bandia kila mkono. Alisimama dirishani. Mistari ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda cha mtoto, na ile yake ya njano ilikuwepo, mwisho kabisa, imelala upande. Alijaribu kuufuata uzi wake kwa macho, mguu kwa mguu, akapotea mahali pale pale anapopotea siku zote. Akaingia ndani.

"Samahani dada, ile ya njano pale mwisho, iliyopinda. Hiyo peke yake bei gani?"

Muuzaji alitazama alikoonyeshwa.

"Haziuzwi moja moja. Mstari mzima, elfu kumi na nane."