Kiti cha Refa

Mtaa mzima humwita Refa. Alishastaafu kuchezesha mechi, lakini filimbi bado inaning'inia shingoni hata akienda kununua mkate. Akiwa na miaka sitini na miwili alioa mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali, na hata mwaka haujaisha, mkewe akapatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma. Basi kila asubuhi Refa huweka kiti mlangoni mwa jikoni, huvuta soksi hadi magotini, hupuliza filimbi, na Mwalimu huanza safari kutoka chumbani, fimbo mkononi. Akiegemea ukuta, saa husimamishwa. Akitukana, huonyeshwa kadi ya njano. "Refa gani wewe, huoni mguu wangu mwenyewe unanichezea rafu?" hufoka Mwalimu, naye Refa huliandika kosa la mguu kwenye kijitabu, uso mkavu kabisa.

Na Refa huyu, aliyewahi kumpa kadi nyekundu ndugu yake wa damu, wiki hii ameanza upendeleo: kila asubuhi, kabla mkewe hajaamka, hunyata akakisogeza kiti kigae kimoja zaidi kuelekea chumbani. Leo Mwalimu alifika akitweta, lakini hakukaa. Alitazama sakafu, kisha akamtazama mumewe. "Vigae vinne, mume wangu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini mimi." Akaichomoa kadi ya njano mfukoni mwa shati la Refa, akamwonyesha. "Kirudishe."

Refa akakibeba kiti hadi jikoni kama mwanafunzi aliyekamatwa akinakili. Alipogeuka kupuliza filimbi, Mwalimu alikuwa tayari kwenye kigae cha tatu.